Mwanamke Aliyeipa Mitungi Miguu

Dar es Salaam ni jiji lililowahi kuuchukulia mchezo kwa uzito, tena zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde, alianza kuchonga mashetani wenye viungo vilivyopinda, na mfanyabiashara wa vinyago Mohamed Peera akamtia moyo aendelee. Mwaka 1968 Edward Said Tingatinga alichukua vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, akachora wanyama wenye macho ya mviringo na shingo zinazokwenda zinakotaka. Alifariki mwaka 1972, na hadi leo mtindo wote unaitwa kwa jina lake. George Lilanga, mzaliwa wa Lindi, aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha jiji hili, akiwa mlinzi wa usiku. Kufikia 1978 kazi zake zilikuwa zinaonyeshwa Washington, zimejaa viumbe wenye masikio makubwa na matumbo ya kuchekesha.

Mpingo umepata majina ya watu. Hadibodi imepata. Sasa muulize mpenda sanaa yeyote wa jiji hili akutajie mfinyanzi mmoja tu kwa jina. Atakutajia kabila, atakutajia soko, pengine atakutajia aina ya chungu. Jina la mtu halitatoka.

Mimi ninalo moja, na naliandika hapa kwa sababu naamini linatudai deni: Reinata Sadimba.

Alizaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Nemu, kwenye uwanda wa juu wa Mueda, jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Alifundwa kufinyanga vyombo vya nyumbani kama mabinti wengine wa Kimakonde. Ujana wake ulikuwa wa nyakati ngumu. Wareno waliwapiga risasi wananchi Mueda mwezi Juni 1960, chama cha ukombozi cha FRELIMO kikaundwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 1962, na Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza katika jimbo lake. Yeye mwenyewe alikuwamo katika harakati hizo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, vyombo vyake vikaanza kubadilika sura. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamsukuma kuvuka mpaka, na katika miaka ya 1980 akaishi na kufinyanga Dar es Salaam. Mwaka 1992, mwaka wa mkataba wa amani wa Msumbiji, alirudi kwao na kuweka makazi Maputo, akapewa pa kufanyia kazi kwenye eneo la Makumbusho ya Historia ya Asili. Kazi zake zimeonyeshwa Ureno, Uswisi, Ubelgiji na Denmark.

Miaka yake ya kukomaa, basi, ilipita mikononi mwetu. Msanii ambaye leo hutajwa miongoni mwa wanawake wakubwa wa sanaa barani Afrika alikuwa jirani yetu kwa takriban muongo mzima, na jiji lililompa Tingatinga jina halikumpa yeye lolote ambalo watu wa kawaida wanalikumbuka.

Kazi zake nyingi huanzia kwenye chombo. Kuna tumbo la mtungi, lile tumbo la mviringo ambalo kila aliyekulia kijijini analijua. Lakini pale pa kitako pameota miguu, shingo imekuwa kichwa, na mdomo wa mtungi umekuwa mdomo kweli. Mtoto amekwea begani kwa mama yake, na mama mwenyewe ni chungu. Kiumbe kimoja kina nyuso mbili na hakuna uso unaoonekana kujali kwamba mwenzake yupo. Juu ya ngozi ya udongo zimechanjwa pembetatu na mistari ileile ya chale za Kimakonde, ambazo Reinata anazo usoni pake. Wamakonde huhesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo chombo kilichobeba watoto tumboni na mgongoni ni habari ya ukoo iliyosimama kwa miguu yake. Mtu anaweza kucheka akikiona. Na anapaswa kucheka, maana kimefinyangwa kwa furaha.

Mara nyingi kazi ya namna hii huelezwa kwamba imeyaacha mapokeo na kuingia katika usasa. Napinga. Huo mchezo wenyewe umo ndani ya mapokeo, na ushahidi uko kwenye udongo wetu.

Mwaka 1956 Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa mila chini ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha utafiti juu ya sanamu za udongo zilizotumika katika jando na unyago kaskazini mashariki mwa nchi, kwa Wasambaa, Wazigua na jirani zao. Zilikuwa sanamu za watu, za wanyama, za vyombo vya nyumbani, na nyingine za maumbo ambayo macho hayayatambui mpaka uelezwe. Kila moja ilikuwa na wimbo wake wa fumbo. Mwali alionyeshwa kiumbe cha ajabu, akaimbiwa, na ndani ya kichekesho akapokea onyo la maisha: namna ya kuishi na mume au mke, namna ya kuheshimu wakwe, madhara ya uchoyo. Kungwi alijua kwamba mtu aliyecheka hasahau. Udongo ulichezewa kwa makusudi, na waliouchezea walikuwa watu wazima waliokuwa na la kusema. Mafunzo yale yalikuwa ya siri, na siri hiyo naiheshimu. Sisemi sanamu za unyago zipangwe dirishani pa duka. Ninachosema ni kwamba mtu akidai sanamu ya udongo yenye mzaha imeletwa na Wazungu, anasema asichokijua.

Pwani nayo ina ushahidi wake. Nenda Kunduchi, upande wa kaskazini wa jiji, ukatazame makaburi ya nguzo yaliyoko karibu na magofu ya msikiti. Wazee wa karne ya 18 walichukua vyombo vya kaure kutoka China, vyombo vya kulia chakula, wakavipachika kwenye nguzo za makaburi. Chombo kilitolewa mezani kikapewa kazi nyingine kabisa, ya heshima na ya kutazamwa. Anayemshangaa Reinata kwa kuupa mtungi kazi isiyokuwa ya kuteka maji, basi awashangae na wale.

Kwa nini, basi, udongo haukupata nafasi yake hapa? Sababu ya kwanza inayotolewa na wauzaji ni kwamba udongo huvunjika, na mtalii anaogopa kuupandisha ndege. Ni kweli, ila haitoshi. Mpingo ni mti mzito kupita kiasi, na bado vinyago vya Mwenge vimesafiri dunia nzima. Kitu kikitakiwa, njia ya kukifunga hupatikana.

Sababu ya pili ni moto, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wanaosifu au kubeza ufinyanzi hawajui kazi iliyomo.

Mfinyanzi wa mkono huponda udongo, huuloweka, huutoa mizizi na vijiwe, kisha huuchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa ili usipasuke. Huinua kuta kwa kamba za udongo, moja juu ya nyingine, akizunguka chombo badala ya kukizungusha. Hukwangua kwa gunzi au kipande cha kibuyu, hulainisha kwa mkono wenye maji, na udongo unapoanza kukaza huusugua kwa kokoto laini mpaka ung'ae pasipo rangi yoyote. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ng'ambo ya Matema kwenye Ziwa Nyasa, hufinyanga kwa mkono kwa ustadi ambao sijui kama una mshindani nchini, na vyungu vyao huuzwa soko la Lyulilo. Baada ya hapo kuna kukausha, halafu kuchoma. Moto wa wazi wa kuni, nyasi, vifuu au samadi hufikia joto la nyuzi kama 600 hadi 900 za Selsiasi. Maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke punde tu joto linapopita nyuzi 100, na yakikosa njia ya kutokea, chombo hulipuka. Mbele zaidi, kwenye nyuzi 500 na kitu, yanatoka hata maji yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo wenyewe. Hapo ndipo udongo unakuwa kigae, na haurudi tena kuwa tope.

Chungu cha kawaida kina bahati kwa sababu ni cha mviringo: ukuta una unene mmoja, na joto hugawanyika sawasawa. Mwekee chungu huyo miguu minne, masikio na mtoto begani, na kila kiungo kinakuwa mahali pa hatari. Mguu mnene hukauka polepole kuliko tumbo jembamba. Kimoja kinajikunyata mapema, kingine kinachelewa, na ufa unapita pale vilipoungana. Anayefinyanga sanamu na kuitoa motoni ikiwa nzima ameushinda udongo mara mbili, na ule mzaha tunaouona usoni mwa kiumbe chake umelipiwa kwa maarifa ambayo mfinyanzi wa vyungu vya kawaida hahitaji kuyafikia. Ongeza na hewa ya Dar es Salaam, ambayo masika ikiingia Machi nguo tu hazikauki. Ongeza na nyumba za Manzese na Tandale zilizobanana kiasi kwamba huwezi kuwasha rundo la kuni uani bila kumfukuza jirani. Mchongaji anahitaji kivuli na patasi. Mfinyanzi anahitaji ardhi, jua na ruhusa ya kuwasha moto, vitu vitatu ambavyo jijini vimekuwa ghali.

Lakini sababu ninayoiona kubwa kuliko zote ni ya tatu. Udongo ni kazi ya wanawake. Kwa Wamakonde mti ulikuwa wa wanaume, na udongo ulikuwa wa wanawake. Mwanamume akichonga kiumbe cha ajabu, alikuwa na kijiwe cha wachongaji, na mnunuzi aliyemjua kwa jina. Mwanamke akifinyanga kiumbe cha ajabu, alikuwa peke yake, tena ameingilia eneo la sanamu ambalo halikuwa lake. Tazama hata majengo. Wachoraji wa Tingatinga walijiunga katika chama cha ushirika mwaka 1990, wana makao yao Oyster Bay. Wachonga vinyago wana Mwenge. Wafinyanzi hawana kona ya jiji inayoitwa kwa kazi yao. Chungu kinafika Kariakoo kimepita mikono ya mlanguzi mmoja, wawili, watatu, na anayekinunua anauliza swali moja tu: cha ukubwa gani? Bei inapimwa kwa ukubwa wa tumbo. Katika soko la namna hiyo, saa alizotumia mama kusugua kwa kokoto hazina thamani yoyote, na akiweka masikio na miguu amejiongezea hatari bure.

Makumbusho, hapa na kwingineko duniani, yamechangia. Chini ya mtungi huandikwa jina la kabila na mahali ulipopatikana, basi. Aliyeufinyanga alikuwa na jina, na mara nyingi alikuwa hai siku mtungi ulipochukuliwa. Wanigeria walifanya vingine: Ladi Kwali, mfinyanzi wa Kigwari, yumo kwenye noti yao ya naira 20. Naye Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alisafiri kutoka Uingereza hadi Abuja kujifunza kwa Ladi Kwali na wanawake wenzake namna ya kuinua chombo kwa mkono, bila gurudumu. Leo mitungi yake myeusi na ya rangi ya chungwa, yenye viuno na matumbo kama ya wanawake, imo katika makumbusho makubwa ya dunia, na mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha heshima cha Dame. Alikiri wazi walimu wake ni nani. Maarifa yale yale yapo Ikombe, yapo Upare, yapo Newala. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaandika kwa jina la mwenye nayo.

Kuna pingamizi moja ambalo wasanii wengi hulipuuza, na mimi nadhani halipaswi kupuuzwa. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazitaki sanamu yenye uso sebuleni. Kwa Waislamu wengi ni suala la imani. Kwa walokole wengi kiumbe chenye macho ya udongo kinanuka uganga. Kuwaambia watu hao kwamba hawaelewi sanaa ni utovu wa adabu, na ni uvivu pia. Mchezo hauhitaji uso. Mtungi unaweza kuinamisha shingo kama mtu anayesikiliza umbea. Chetezo cha udi kinaweza kusimama kwa miguu mitatu isiyolingana na bado kisianguke. Birika inaweza kuwa na midomo miwili inayopeana mgongo. Mfinyanzi wa Dar atakayeielewa hadhira yake vizuri anaweza kutuletea ucheshi wa umbo tupu, usiokuwa na jicho hata moja, na pengine hiyo ndiyo kazi mpya kabisa ambayo Maputo haijaifanya wala London haijaifanya.

Nisieleweke kwamba kila chenye mzaha ni sanaa. Kandokando ya barabara zetu, kwenye vitalu vya miche na maua, vimejaa vyungu vyenye sura za bata, vyura na nyati, vingi vikiwa vimemwagwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ya dukani ili kuficha vishimo. Sina ugomvi na anayevinunua. Ila kipimo changu ni hiki: ondoa kichekesho, halafu uangalie kilichobaki. Ukiondoa sura ya chura unabaki na ndoo ya saruji. Ukiondoa miguu na uso kwenye kazi ya Reinata Sadimba unabaki na mtungi uliofinyangwa na fundi, wenye ukuta wa unene sahihi, tumbo lililokaa mahali pake na ngozi iliyosuguliwa kwa subira. Mzaha wake umesimama juu ya chombo ambacho bibi yake angekikubali.

Kwa hiyo vijana wanaosoma sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanaofanya kazi Nafasi Art Space pale Mikocheni, wanaovutwa na udongo, ningewashauri waanzie kwenye chungu cha kupikia. Wapeleke maharage jikoni kwanza. Chungu kikivuja, hakuna kichwa cha ajabu kitakachokiokoa.

Na kwa wenye uwezo wa kufanya jambo, mahitaji yanajulikana. Udongo tunao. Vilima vya Pugu vina akiba kubwa ya kaolini, udongo mweupe wa kufinyangia, umbali mfupi kutoka Posta, na viwanda vya vigae vya Mkuranga na Chalinze vinathibitisha kila siku kwamba udongo wa mkoa wa Pwani unaweza kuhimili moto mkali. Wapo wanaopendekeza wasanii waombe nafasi katika matanuri ya viwanda hivyo. Wazo ni zuri kwa masikio, lakini matanuri yale yametengenezwa kupitisha vigae bapa juu ya fito za mviringo zinazozunguka, kwa muda wa kama saa moja tu, na sanamu yenye miguu minene ikipitishwa humo itarudi vipande vipande. Viwanda vitoe udongo uliochujwa na mafundi wa kupima joto. Tanuri lenyewe linatakiwa dogo, la gesi au umeme, linalopanda joto polepole kwa saa nyingi, liwe mahali ambapo mama wa Mbagala na mwanafunzi wa Mlimani wote wanaweza kulipa zamu yao. Kijiji cha Makumbusho pale kwenye barabara ya Bagamoyo, kilichojengwa tangu miaka ya 1960 ili kuonyesha maisha ya makabila yetu, kina uwanja. Hapo moto wa wazi nao unaweza kuwashwa kihalali, wafinyanzi wa Kikisi na wa Kimakonde wakialikwa kwa majina yao na kulipwa kama walimu.

Makumbusho ya Taifa nayo yaanze kuandika majina. Kila chungu kinachonunuliwa kuanzia sasa kiandikwe nani amekifinyanga, wapi, kwa udongo wa kutoka mtoni gani. Na maonyesho ya Reinata Sadimba yafanyike hapa, katika mji aliofinyangia miaka ya uhamisho wake, huku wale waliomfahamu miaka ya 1980 wangali hai wa kusimulia. Miezi mikavu ni Juni hadi Septemba. Udongo wa tanuri la kwanza unapaswa kuwa umeshachimbwa na kulowekwa kabla masika hayajaisha.